Kasi ya utando mwembamba: namba za kidhibiti zitoke wapi?

Katika maduka ya sola ya Arua na Koboko, miji ya West Nile nchini Uganda, mnunuzi husikia mengi kuhusu rangi ya paneli. Huyu huambiwa kwamba ya buluu imepitwa na wakati, yule kwamba nyeusi ndiyo imara, mwingine kwamba ya kahawia ni feki. Vijana wa West Nile wanaosomea fizikia na uhandisi hulikuta swali hilohilo kwa sura nyingine: mashine ya kuweka utando mwembamba ina kidhibiti cha kasi, kidhibiti kina namba za kujazwa, na kila mwongozo na kila mwalimu ana namba zake. Maswali hayo mawili yana mzizi mmoja. Rangi ya buluu ya paneli hutokana na unene wa utando, unene hutokana na kasi na muda, na kasi hushikwa na namba zile.

Kinachowachanganya wote wawili, mnunuzi na mwanafunzi, ni imani kwamba kuna kasi moja iliyo bora na orodha moja ya namba iliyo sahihi, na kwamba aliyeipata hana haja ya kuuliza tena. Imani hiyo haisimami. Ili kuona kwa nini, lazima kuanza na utando wenyewe.

Utando ulio juu ya mapaa

Silikoni isiyopakwa chochote hung'aa kijivu na hurudisha zaidi ya asilimia 30 ya mwanga unaoipiga. Kiwandani hupakwa nitridi ya silikoni yenye unene wa nanomita 75 hadi 80 hivi, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unene huo umekokotolewa. Mwanga wenye wimbi la nanomita 600 ukiingia katika nitridi, ambayo hupunguza mwendo wa mwanga takriban mara mbili, wimbi lake hufupika kuwa nanomita 300, na robo ya 300 ni 75. Katika unene wa robo ya wimbi, mwanga unaorudi kutoka juu ya utando na ule unaorudi kutoka chini yake hufutana. Mwekundu na wa njano huingia ndani ya seli; buluu kidogo ndiyo inayobaki kulirudia jicho. Utando ukizidi unene, buluu hupauka. Ukipungua, hugeukia zambarau.

Paneli nyeusi nazo zina utando huo. Weusi wao hutokana zaidi na uso wa fuwele moja uliochongwa piramidi ndogo zinazonasa mwanga. Zile za kahawia au zambarau iliyoiva, ambazo siku hizi huonekana zaidi kwenye taa ndogo na kikokotozi, ni za silikoni ya amofasi, isiyo na mpangilio wa fuwele: humo utando ndio seli yenyewe, wenye unene wa nanomita 300 hivi, uliowekwa moja kwa moja juu ya kioo. Rangi peke yake haimwambii mnunuzi kama paneli ni nzima au mbovu. Humwambia tu ni utando wa aina gani anaoutazama.

Teknolojia hii si ngeni Afrika Mashariki. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefanya utafiti wa tando za nishati ya jua kwa miongo kadhaa, kwa msaada wa Programu ya Kimataifa ya Sayansi ya Uppsala, Uswidi, iliyoanza 1961. Mashine yake ya kuweka utando, Balzers BAE 250, inatajwa katika makala nyingi za kitaaluma, zikiwemo za dioksidi ya vanadi, kitu ambacho hubadili tabia yake kwenye nyuzi 68 za Selsiasi na kuanza kuzuia joto la jua lisipite dirishani. Makerere na Nairobi nazo zina historia ya kazi hiyo, na mtandao wa MSSEESA umewaunganisha watafiti wa vifaa na nishati ya jua wa mashariki na kusini mwa Afrika. Arua ina Chuo Kikuu cha Muni tangu 2013. Chuo cha umma chenye walimu wa sayansi, katika mkoa unaotegemea sola kiasi hiki, kitafika siku moja kwenye swali la mashine ya utando, iwe mpya au iliyotolewa na chuo cha ng'ambo. Ni afadhali swali la kidhibiti lijadiliwe kabla mashine haijafika.

Kasi ipi, na kwa kazi ipi

Kasi ya utando hupimwa kwa angstromu kwa sekunde. Angstromu moja ni sehemu ya kumi ya nanomita, chini ya unene wa atomu moja ya metali. Wapo wanaoshikilia kwamba polepole ndiyo salama: atomu zinapata nafasi ya kujipanga, unene unadhibitika, makosa yanasahihishika. Wapo wanaotaka haraka: mashine inakamilisha kazi nyingi, umeme na muda wa pampu vinaokolewa. Kila upande una mfano unaouunga mkono kikamilifu, na hapo ndipo ubishi hukwama.

Alumini ya kioo cha kujitazamia inataka haraka. Hata ndani ya chemba iliyofyonzwa hewa hadi shinikizo la paskali 0.0001 hivi, molekuli za hewa iliyobaki hupiga kila uso kwa wingi unaotosha kuufunika kwa safu moja ndani ya sekunde chache. Alumini ikishuka kwa angstromu moja kwa sekunde, oksijeni na mvuke wa maji vinafika kwa wingi unaokaribia ule wa alumini yenyewe, na utando unatoka wa kijivu, nusu metali nusu oksidi. Ikishuka kwa angstromu 100 kwa sekunde, utando wa nanomita 100 unakamilika kwa sekunde 10 na unang'aa. Anayesema "nenda polepole" kwa alumini ataharibu kioo.

Silikoni ya amofasi inataka kinyume. Huwekwa kwa kuivunja gesi ya sileni ndani ya plazima, yaani gesi iliyochajiwa umeme, na ubora mzuri umepatikana kwa kawaida kwenye angstromu 1 hadi 3 kwa sekunde. Kwa angstromu 2, nanomita 300 huchukua dakika 25. Mwenye kiwanda akipandisha hadi 10 atamaliza kwa dakika 5, na kishawishi hicho ni kikubwa. Lakini utando uliowekwa haraka hubeba kasoro nyingi zaidi za kiatomu, na kasoro hizo huzidisha ugonjwa ambao David Staebler na Christopher Wronski waliueleza mwaka 1977 katika maabara za RCA, Marekani: silikoni ya amofasi hudhoofika inapopigwa na jua lenyewe. Paneli ya aina hiyo hupoteza sehemu ya nguvu, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 30, katika miezi ya mwanzo, kisha hutulia. Mtengenezaji mwadilifu huandika nguvu ya baada ya kutulia. Asiye mwadilifu huandika ya siku ya kwanza.

Kenya ililipa ada ya somo hili. Katika miaka ya 1990 paneli ndogo za amofasi za wati 12 hadi 14 zilienea vijijini kwa sababu ya bei. Richard Duke, Arne Jacobson na Daniel Kammen walizipima na kuchapisha matokeo mwaka 2002: chapa kadhaa zilitoa nguvu iliyokaribia ile iliyoandikwa, nyingine zilitoa pungufu kwa kiasi cha kumuumiza mnunuzi, na mnunuzi hakuwa na njia ya kuzitofautisha dukani. Kuilaumu kasi ya utando peke yake kwa hayo yote kungekuwa kurahisisha mno, maana uzibaji wa kingo, viunganishi na uaminifu wa lebo vyote vilihusika. Hata hivyo sifa mbaya iliangukia teknolojia nzima, zikiwemo chapa zilizofanya kazi yake vizuri. Ndiyo maana hadi leo kuna mafundi wanaomwambia mteja kwamba kahawia ni feki.

Kuna pia mfano wa tatu unaovuruga kambi zote mbili. Tando za kadimi teluraidi huwekwa viwandani kwa kasi ya mikromita nzima kwa dakika, mamia ya angstromu kwa sekunde, na paneli zake zinashindana sokoni kwa ubora. Kasi haina thamani nje ya kitu kinachowekwa, gesi iliyobaki chembani na joto la uso unaopokea. Swali la kwanza la kumuuliza anayetaja kasi ni: ya nini, na katika shinikizo gani?

Njia ya kwanza: nguvu isiyobadilika na saa

Kasi ikishachaguliwa, lazima ishikwe. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuipa mashine nguvu ya umeme ileile kila mara, kuhesabu muda kwa saa, kisha kufunga kilango kinachokinga uso unaopakwa. Haina kipimo ndani ya chemba wala namba za kurekebisha.

Watu huidharau bila haki. Kwa mashine zinazogonga shabaha ya metali kwa ayoni za agoni, kasi huenda sambamba na nguvu: ongeza nguvu kwa asilimia 5, na kasi itaongezeka karibu asilimia 5. Shabaha huisha polepole, kwa saa nyingi za kazi. Mwenye kupima unene wa sampuli moja kila wiki na kusahihisha muda wake anaweza kufanya kazi ya miaka kwa njia hii, na maabara nyingi zimefanya hivyo.

Udhaifu wake unajitokeza kwa uvukizaji, pale metali inapochemshwa ndani ya kidau cha tungsteni kinachopitishiwa mkondo mkubwa. Shinikizo la mvuke wa alumini hufika paskali 1 kwenye nyuzi 1209 hivi, na paskali 10 kwenye nyuzi 1359. Nyuzi 150 tu, na mvuke umeongezeka mara kumi. Kosa dogo la nguvu ni kosa kubwa la kasi, na umeme wa ukutani ndio unaoleta kosa hilo mara kwa mara.

Umeme wa West Nile ndani ya hesabu

Kwa takriban miongo miwili Arua na wilaya jirani zilitegemea gridi ndogo iliyojitenga na ya taifa, ikiendeshwa na kampuni ya WENRECo: kwanza jenereta ya mafuta mazito mjini Arua, kisha kituo cha umeme wa maji cha Nyagak, wilayani Zombo, megawati 3.5, kilichoanza kazi mwaka 2012. Katika gridi ya ukubwa huo kila mzigo unasikika. Mota ya mashine ya kusaga ikiwashwa, volteji ya majirani inainama. Laini ya kilovolti 132 ya kuiunganisha Arua na gridi ya taifa ni nafuu kubwa, lakini mwisho wa laini ndefu haujawahi kuwa mahali pa volteji tulivu, na Koboko iko mbali zaidi, kwenye pembe ya Sudan Kusini na Kongo.

Chukua kidau kinacholishwa na transfoma ya kawaida isiyo na urekebishaji. Volteji ikishuka kwa asilimia 10, kutoka 240 hadi 216, nguvu inafuata mraba wa volteji na kushuka kwa asilimia 19. Ikiwa sehemu kubwa ya joto la kidau hupotea kwa mnururisho, joto halisi linafuata mzizi wa nne wa nguvu, kwa hiyo linashuka kwa asilimia 5 tu. Lakini asilimia 5 ya joto la kuvukiza alumini, likihesabiwa kutoka sifuri halisi, ni nyuzi 76 hivi, na nyuzi 76 zinaiacha kasi kwenye robo moja hivi ya ilivyokuwa. Taa ya chumbani ingefifia kidogo tu, na huenda asiyetazama asigundue. Utando ungekuwa umeharibika.

Hesabu hii ndiyo inayonifanya nipinge ushauri wa kuchukua namba za maabara ya Uppsala au Nairobi na kuzijaza Arua. Namba hizo zilitungwa pamoja na umeme wao. Pia inaonyesha ni wapi shilingi ya kwanza inapaswa kwenda. Stabilaiza nzuri ya volteji, au ugavi wa umeme unaojirekebisha wenyewe, huondoa sehemu kubwa ya tatizo kabla kidhibiti hakijaguswa, na ni bei ndogo ukilinganisha na kidhibiti chenyewe. Kukatika kabisa kwa umeme ni tatizo jingine: hakuna namba ya kidhibiti inayokinga pampu isimame katikati ya kazi. Hilo linahitaji betri na inveta, na West Nile ina mafundi wengi wanaozijua kuliko ilivyo na wanaojua ombwe.

Njia ya pili: fuwele inayohesabu atomu

Njia inayosifiwa zaidi huweka ndani ya chemba kipande cha fuwele ya kwatzi, jamaa ya ile inayoendesha saa ya mkononi. Fuwele hutetemeka, mara nyingi kwa megahezi 6. Utando unapoijia uzito wake unaongezeka na mtetemo unapungua. Günter Sauerbrey alionyesha mwaka 1959 kwamba upungufu huo unalingana moja kwa moja na uzito ulioongezeka. Kifaa husoma upungufu, hugawa kwa msongamano wa kitu kinachowekwa, hupata unene, kisha hupandisha au kushusha nguvu ili kasi ifike pale ilipoagizwa.

Usikivu wake ni wa kustaajabisha. Angstromu moja ya alumini huishusha fuwele ya megahezi 6 kwa hezi 2 na kidogo. Angstromu moja ya dhahabu, ambayo ni nzito mara saba, kwa hezi 15 au 16. Hapo tayari kuna funzo: namba zinazotuliza dhahabu zinaweza kuitikisa alumini, kwa kuwa ishara ya alumini ni ndogo na kelele za kipimo ni zilezile.

Wanaoisifu njia hii husahau mambo matatu. Kwanza, fuwele haipimi kioo kinachopakwa. Inajipima yenyewe, mahali ilipo. Kama kioo kiko mbali zaidi na kidau, kinapokea kidogo zaidi, na lazima uwiano wa mahali upimwe na kujazwa. Pili, fuwele husikia joto. Kilango kinapofunguka na mnururisho kuipiga, husoma kasi ya uongo kwa sekunde kadhaa, na kidhibiti kinachoamini kila kinachosomwa kitashusha nguvu bila sababu. Fuwele inahitaji maji ya kuipoza, yenye joto lisiloyumba. Panapokuwa na mgawo wa maji, tangi dogo lenye pampu yake na maji yanayozunguka ni la kutegemewa kuliko bomba. Tatu, fuwele huchakaa na wakati mwingine hufa katikati ya kazi.

P, I na D

Kidhibiti hutumia namba tatu. Ya kwanza, P, huamua nguvu ijibu kwa ukali gani kosa lililopo sasa. Ya pili, I, hukusanya makosa yaliyopita ili kosa dogo linalodumu lisiachwe. Ya tatu, D, hutazama kosa linaelekea wapi. Mpishi wa sigiri anayajua yote matatu bila kuyaita majina: akifunga mlango wa hewa, makaa hayapoi papo hapo, na akikosa subira akaufunga zaidi, chakula kitapoa kabisa baadaye. Muda huo wa ukimya, kati ya kubadili nguvu na kuona kasi ikibadilika, ndio chanzo cha karibu kila yumbo linaloonekana kwenye skrini.

J. G. Ziegler na N. B. Nichols walichapisha mwaka 1942 njia ya kupata namba kwa kuipima mashine yenyewe, na bado inafaa. Acha kidhibiti kando. Shikilia nguvu mahali kasi ilipotulia, ipandishe kidogo, andika kinachotokea. Tuseme asilimia moja ya nguvu iliongeza angstromu 0.5 kwa sekunde, ukimya ulidumu sekunde 4, na mabadiliko yalichukua kama sekunde 20 kufika karibu thuluthi mbili ya mwisho wake. Kanuni yao kwa P na I bila D inatoa P ya 9, yaani asilimia 9 ya nguvu kwa kila angstromu ya kosa, na muda wa I wa sekunde 13 hivi. Kanuni hiyo ina ukali. Huvumilia kasi kupanda na kushuka mara kadhaa kabla ya kutulia. Kwa utando, nusu ya P hiyo ndiyo pa kuanzia.

Sasa liko jambo ambalo miongozo mingi hulipita haraka, nami naliona kuwa kiini cha mkanganyiko wote. Katika uvukizaji, mwitikio wa mashine si namba moja. Kwa kuwa mvuke huongezeka kwa kuzidishana na joto, asilimia moja ya nguvu inayoleta angstromu 0.5 pale kasi ni 5 italeta karibu 1 pale kasi ni 10, na 0.2 pale kasi ni 2. Mwitikio unakua pamoja na kasi yenyewe. Mwanafunzi aliyetuliza kidhibiti kwenye kasi ya 2, kisha akaagiza 20 kwa namba zilezile, amekifanya kiwe na ukali mara kumi, na kitayumba. Hakukosea namba. Zilikuwa sahihi kwa kasi nyingine. Vilevile kidau kinapoisha metali, au alumini inapokula tungsteni na kusambaa kingoni, mwitikio hubadilika katikati ya kazi ileile.

Chanzo cha joto nacho kinaamua. Kidau kizito hujibu kwa makumi ya sekunde. Mwali wa elektroni hujibu ndani ya sekunde moja. Ukichukua namba za mwali na kuziweka kwenye kidau, kidhibiti kitapiga kelele kikimwamuru kiziwi. Kuhusu D, ushauri wangu ni kuiacha sifuri mpaka kuwe na sababu iliyopimwa ya kuitumia. Ishara ya fuwele ina kelele, na D huzikuza.

Njia ya tatu: kusoma plazima

Kwa oksidi zinazotengenezwa kwa kugonga metali ndani ya oksijeni, njia zote mbili zilizotangulia hupata taabu. Oksijeni ikizidi kidogo, shabaha yenyewe hufunikwa na oksidi, kasi huanguka ghafla, na kuipunguza oksijeni kurudi pale ilipokuwa hakuirudishi kasi. Lazima ushuke chini zaidi ndipo shabaha isafike. Sören Berg na wenzake wa Uppsala waliandika mwaka 1987 hesabu inayoeleza tabia hiyo, na inatumika hadi leo. Hapa kasi hushikwa kwa kusoma mwanga wa plazima au volteji ya shabaha na kurekebisha oksijeni haraka, ndani ya sehemu ya sekunde.

Dioksidi ya vanadi inayotafitiwa Dar es Salaam inakaa kwenye ukanda mwembamba wa oksijeni wa aina hii, kwa kuwa vanadi ina oksidi nyingi na moja tu ndiyo inayotakiwa. Kwa maabara inayoanza, njia hii ni ghali na inahitaji vali za gesi za haraka. Haina budi kusubiri.

Kipi kitangulie Arua

Kati ya kambi ya saa na kambi ya fuwele, naipa fuwele nafasi ya kupima na saa nafasi ya kuendesha, angalau mwanzoni. Maabara inayoanza na kidau na umeme wa West Nile ifunge fuwele, iisome kila sekunde, lakini iache nguvu ikiwa imeshikiliwa na stabilaiza hadi watumiaji waone kwa macho yao mashine inavyojibu. Ndipo kidhibiti kiwashwe kwa P ndogo na I ya polepole, kikiwa kimefungiwa ndani ya mipaka: nguvu isizidi kiwango fulani hata kosa likiwa kubwa, na sekunde za kwanza baada ya kilango kufunguka zisihesabiwe. Fuwele ikifa, mashine imalize kwa nguvu ya wastani ya dakika iliyopita badala ya kukimbilia nguvu yote. Kila kitu kiwe na ukurasa wake wa namba, na kila kasi kuu iwe na ukurasa wake. Ni kazi ya kuchosha, na haina njia ya mkato.

Gharama ya chaguo hili ni uvumilivu. Kidhibiti cha polepole huacha kasi ikitangatanga kwa asilimia kadhaa katika kila kazi, na anayetengeneza vichujio vya mwanga vyenye tabaka nyingi hataridhika nacho. Kwa vioo, viunganishi vya seli na mafunzo ya wanafunzi, asilimia hizo zinavumilika, na unene wa mwisho bado hushikwa na fuwele inayofunga kilango.

Uwiano wa mahali unaweza kupimwa bila mashine ya gharama. Mizani ya kemia inayosoma sehemu ya kumi ya miligramu inatosha. Kioo cha darubini cha sentimita 2.5 kwa 7.5 kikipakwa dhahabu ya nanomita 100 huongezeka uzito kwa miligramu 3.6 hivi, na mizani hiyo itausoma unene kwa kosa la asilimia chache. Alumini ya unene huohuo huongeza nusu miligramu tu, kiasi kidogo mno, kwa hiyo ipakwe nanomita 500 kwa ajili ya upimaji. Kwa tando zinazopitisha mwanga, R. Swanepoel wa Afrika Kusini alichapisha mwaka 1983 njia ya kukokotoa unene kutokana na mawimbi yanayoonekana kwenye mkondo wa mwanga uliopita, na spektrofotometa ya kawaida ya kemia inatosha kuifuata.

Kuhusu mnunuzi wa paneli aliye sokoni Koboko, hana haja ya kujua P wala I. Anachohitaji ni mtu aliyepima. Vipimo vya kimataifa vya paneli za utando, ambavyo tangu 2016 vimeunganishwa na vile vya silikoni ya fuwele chini ya kiwango cha IEC 61215, huiweka paneli juani hadi itulie kabla ya kupima nguvu yake. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, lina utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuingia nchini, lakini bidhaa zinazovuka mpaka kwa pikipiki hazipiti huko. Chumba kimoja Arua chenye kipimo cha mwanga kilichosahihishwa, mzigo wa kupimia na mwanafunzi aliyefundishwa kuvitumia kingeweza kupima paneli chache za kila shehena na kubandika matokeo ukutani. Kifaa cha kazi hiyo ni rahisi mara nyingi kuliko chemba ya ombwe, na kinaweza kuanza mwaka huu.